Maabara pepe tunayolipia: sta na delta zimevuta pamoja, na mota inazunguka tu!

Nimeudhika na sifichi. Programu hii tunailipia kila muhula kwa ajili ya wanafunzi wa umeme, na zoezi moja tu limenitosha.

Ni lile la kuwasha mota ya fezi tatu kwa sta-delta: mota inaanza kwa muunganisho wa sta ili isivute umeme mwingi, kisha inahamishiwa delta. Kontakta tatu (swichi zinazovutwa na koili ya umeme), taima ya kuhamisha na ovalodi ya kuilinda mota. Fundi yeyote wa pampu kule Changamwe, Mombasa, atakwambia sharti la kwanza: sta na delta zisivute pamoja hata kidogo. Sta imeziunganisha U2, V2 na W2, yaani ncha za mwisho za koili tatu za mota. Delta inaziletea ncha hizo hizo fezi tatu. Zikikutana ni shoti ya 415 V. Fyuzi zinakatika kwa kishindo, ncha za kontakta zinashikana kama zimechomelewa, na aliyesimama mbele ya paneli iliyo wazi anaungua uso. Ndiyo maana waya wa koili ya delta hupitishwa kwenye ncha 21 na 22 za sta, zinazoachana sta inapovuta, na wa sta vivyo hivyo kwenye delta.

Sasa humu zipitishe waya hizo mbili moja kwa moja, bila ncha hizo za kuzuiana, kisha chukua umeme wa koili ya delta kabla ya taima badala ya baada yake, kosa ambalo wanafunzi hulifanya kila mara. Bonyeza. Kontakta zote tatu zinavuta, mota inazunguka, ammita haishtuki, na mwanafunzi anapewa alama zote. Wallahi, huku ni kumfundisha kijana namna ya kujiua!

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu, bila hata salamu: "Mfumo uko sawa, mwalimu asome mwongozo." Mwongozo nimeusoma, habari ya kuzuiana kwa kontakta haimo.

Haki yao niwape: zoezi la kapasita ni zuri mno. Rezista ya 10 kΩ, kapasita ya 100 µF, na baada ya sekunde 1 volti za kapasita zimefika asilimia 63 ya zile za chanzo. Kila mwanafunzi anabadilisha rezista na kuuona mchirizo wa volti ukilala, bila kupanga foleni kwenye osiloskopu moja. Kwa hilo peke yake ningelipia tena.

Ila hata hapo waya unashika kwa kubofya. Hakuna skrubu iliyolegea, hakuna plastiki ya waya iliyobanwa chini ya terminali, wala ile kutu ya kijani ambayo chumvi ya bahari yetu huipaka shaba mpaka fezi moja inapotea na mota inaunguruma bila kuzunguka. Hayo ndiyo yanayowangoja vijana bandarini Kilindini.

Nilitaka kutoa nyota tatu. Natoa moja. Anayeitumia, zoezi la sta-delta alifunge. Vijana wajaribu saketi ya koili kwenye ubao halisi, umeme wa mota ukiwa umekatwa, wahakikishe sta imeachia kabla delta haijavuta. Shoti ikiwa shoti humo ndani, nitarudi kuongeza nyota.