Nililipa Kiingilio, Alama Zangu Nikanyimwa

Shindano hili la mtandaoni la modeli, yaani mifano midogo ya meli, ndege na magari inayoundwa kwa mkono, lina mengi ya kusifiwa, nami ningelisifu bila kusita kama msimamizi wake asingenijibu jinsi alivyonijibu. Kujisajili kulikuwa rahisi, kiingilio nililipa kwa M-Pesa, na masharti yalieleza wazi kwamba asilimia 70 ya alama ingetoka kwa majaji na asilimia 30 kwa kura za watazamaji. Hadi hapo sina neno.

Niliingiza MV Uhuru, ile feri ya mabehewa ya reli inayojulikana na kila mtu aliyekulia karibu na bandari ya Kisumu, kwa kipimo cha 1/200, ambacho huifanya ikaribie urefu wa nusu mita. Seti yake, yaani boksi la vipande vilivyo tayari kuunganishwa, sijawahi kuiona dukani, kwa hiyo kila kipande nilikikata mwenyewe kwa wembe, na reli za sitahani nikazitengeneza kwa waya wa shaba niliounyoosha na kuubandika kwa kibano. Masharti yalitaka picha za pande zote, pamoja na moja yenye rula. Nilizituma zote.

Aliyeshinda alileta ndege ya kivita ya seti ya kiwandani, yenye picha za ubavu mmoja tu, na rula haikuonekana popote. Mbele ya kioo cha rubani mshono wa nusu mbili za plastiki ulikuwa wazi, pale ambapo puti na msasa vilipaswa kuufuta, na stika ya bawani ilikuwa na ule ukungu mweupe wa hewa iliyonaswa chini yake. Hayo ndiyo mambo ambayo jaji yeyote wa modeli huyatafuta kwanza. Huenda majaji waliona uzuri uliofichika kwangu. Rangi, kwa kweli, ilipakwa na mkono mtulivu.

Ndiyo maana sikudai zawadi. Nilimwandikia msimamizi kwa adabu, nikamwomba anionyeshe alama nilizopewa na kila jaji pamoja na idadi ya kura zangu. Jibu lake lilikuwa hili: “Mzee, huu ni mchezo tu, wacha presha.” Nilipouliza tena, ujumbe wangu ukafutwa.

Mchezo gani huo wa kulipia? Na kama alama zipo, kuzionyesha kunamgharimu nini? Chama cha AMPS cha Marekani, cha waundaji wa modeli za vifaru na magari ya kivita, hupima kila kazi kwa kigezo kilichowekwa badala ya kuishindanisha na ya jirani, hivyo mtu huijua medali yake imetokana na nini. Sisi tunaambiwa asilimia 70 kwa 30, kisha tunaonyeshwa jina la mshindi pekee.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu, kwa sababu ya usajili ule mwepesi na kwa kuwa mashindano ya namna hii kwetu ni machache. Sisemi kwamba wameiba. Lakini kila nikilisoma jibu lile nyota moja inaanguka, na sasa imebaki moja, nayo ni ya M-Pesa. Tangazo la shindano lijalo limeshatoka: kiingilio kimepanda, masharti ni yale yale, na jina la jaji hata mmoja halipo.