Waranti ya ziada ya laptopu: ipi ununue, ipi uiache kaunta

Mmeshapatana bei, pesa iko tayari, ndipo muuzaji anapoleta karatasi nyingine: ongeza laki mbili na ushee upate waranti ya miaka miwili zaidi. Saa hiyo huna hesabu kichwani, una hamu ya kufungua boksi tu. Kwa wanunuzi wengi jibu langu ni hapana. Wapo wachache ambao ningewaambia walipe bila kusita, na kwa hao kuna karatasi moja tu yenye maana kati ya zile zinazouzwa kwa jina hilohilo la waranti. Nimezipanga kuanzia inayofaa zaidi hadi ile ya kukimbia, lakini kwanza tuangalie kinachouzwa.

Laptopu nyingi mpya zinakuja na waranti ya kiwanda ya mwaka mmoja. Inahusu kasoro za utengenezaji: bodi kuu iliyokufa yenyewe, feni iliyogoma, kioo kilichoanza kuonyesha mistari bila kuguswa. Waranti ya ziada ya kawaida inarefusha ahadi hiyohiyo kwa muda mrefu zaidi, haiongezi kitu kipya. Na kasoro za kiwandani zina tabia ya kujitokeza mapema, miezi ya mwanzo, ukiwa bado ndani ya mwaka uliopewa bure. Baada ya hapo kinachoingia ni uchakavu, na uchakavu kampuni haiuhesabu kuwa kasoro.

Sasa fikiria laptopu zinavyokufa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura. Chai imemwagika kwenye kibodi. Mtoto kajikwaa kwenye waya wa chaja, mashine ikafuata chini. Kioo kimebanwa ndani ya begi kwenye daladala. Umeme umekatika, ukarudi kwa kishindo. Imeibwa. Chukua orodha hiyo uilinganishe na maandishi madogo ya nyuma ya karatasi ya waranti ya kawaida: kimiminika hakimo, kuanguka hakumo, hitilafu ya umeme wa nje haimo, wizi haumo. Betri, ambayo ndiyo itachoka kabla ya kitu kingine chochote, mara nyingi inapewa mwaka mmoja tu hata pale mashine nzima inapopewa mitatu. Ukimpa fundi wa mtaani aifungue, unaweza kupoteza haki ya kudai chochote. Na data zako haziko kwenye waranti yoyote: wakibadilisha diski, kwa kawaida diski ya zamani inabaki kwao pamoja na kila ulichohifadhi.

Tupige hesabu kwa mfano. Laptopu ni Sh 1,500,000 na waranti ya miaka miwili ya ziada ni Sh 225,000. Tuwe wakarimu, tuseme katika kila laptopu tano moja itapata hitilafu ya kiwandani katika mwaka wa pili au wa tatu, na kuitengeneza kutagharimu Sh 450,000. Moja ya tano ya 450,000 ni 90,000. Unaombwa 225,000 kwa ajili ya kinga yenye thamani ya 90,000. Iliyobaki inakwenda kwa kampuni, duka na kamisheni ya kijana anayekutabasamia. Weka bei zako mwenyewe, ubadilishe na makadirio, utaona ni vigumu kuifanya hesabu hiyo imgeukie mnunuzi. Kumbuka pia kwamba kufikia mwaka wa tatu laptopu yenyewe haiuziki kwa milioni moja na nusu tena.

Nafasi ya kwanza: pesa ibaki kwako

Kwa mwanafunzi, mwalimu, mwenye duka la stesheneri, mtu wa ofisini mwenye laptopu ya bei ya kati, chaguo bora ni kutonunua. Ile 225,000 iweke kando, kwenye akaunti au laini ya simu usiyoitumia kila siku, iwe mfuko wa laptopu. Sehemu yake ndogo nunua leo: ekstensheni nzuri yenye kinga ya umeme, begi lenye sponji, na diski ya nje ya kunakilia kazi zako. Vitu hivyo vitatu vinazuia madhara ambayo karatasi ya waranti inayakataa waziwazi. Salio litalipia betri au kibodi siku ikifika, na siku isipofika ni lako.

Mfuko huu unafanya kazi vizuri zaidi kama umechagua mashine inayotengenezeka. Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad zimejaa mitaani, kwa hiyo vipuri vyake havisumbui na mafundi wamezizoea. Ukinunua nyembamba kama sahani ambayo kila kitu chake kimechomelewa kwenye bodi, mambo yanabadilika, na hapo ndipo ninapohamia chaguo linalofuata.

Nafasi ya pili: ya mtengenezaji, yenye kipengele cha ajali

Hii ndiyo karatasi ninayoweza kuitetea. Dell, HP na Lenovo wanauza vifurushi ambavyo unaweza kuviongezea kipengele cha ajali, yaani kuanguka na kumwagikiwa. Apple wana AppleCare+, ambayo inabeba ajali lakini kila ajali unachangia: kwa Marekani ni dola 99 kwa kioo au gamba la nje, na dola 299 kwa uharibifu mwingine. Inabadilisha pia betri bila malipo ikishuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wake wa awali.

MacBook ndiyo mfano mzuri wa mashine inayostahili hesabu hii. Tangu zilipokuja zile zenye chipu ya M1, Novemba 2020, kumbukumbu (RAM) imo ndani ya kifurushi kimoja na prosesa, hifadhi nayo imechomelewa kwenye bodi. Bodi ikiungua hakuna cha kuchomoa na kubadilisha kwa bei nafuu. Kama unahariri video au unafanya kazi ya mteja aliye nje, na siku tatu bila mashine ni hasara kubwa kuliko bei ya waranti yenyewe, lipa.

Lakini uliza kwanza nani ataitengeneza, na wapi. Apple haina duka lake yenyewe popote Afrika, inategemea watoa huduma walioidhinishwa. Laptopu uliyoletewa na shemeji kutoka Houston, au uliyoichukua Dubai ukipita, inaweza kuwa na waranti isiyovuka mpaka, hasa hizi za matumizi ya nyumbani. Zile za biashara kwa kawaida zina afadhali. Waranti inayokutaka utume mashine Marekani kwa gharama yako usiihesabu kabisa.

Jambo moja wauzaji hawalitangazi: si lazima uamue kaunta. Watengenezaji wengi wanakuruhusu kununua nyongeza baadaye, almradi waranti ya awali haijaisha au muda waliouweka haujapita. AppleCare+ kwa Marekani ni ndani ya siku 60 tangu ununue mashine. Nenda nyumbani, soma masharti, linganisha bei kwenye tovuti yao, kisha uamue.

Nafasi ya tatu: bima

Kama hofu yako ni wizi, waranti ya aina yoyote haikusaidii. Kampuni za bima zinauza bima ya nyumba na vilivyomo, na ndani yake mara nyingi kunakuwa na sehemu ya vitu vya kubeba inayofuata laptopu nje ya nyumba. Kwa mashine moja ya bei ya kawaida usumbufu wake ni mkubwa kuliko faida. Kwa familia yenye laptopu tatu, kamera na televisheni kubwa, omba bei. Soma kiasi unachotakiwa kuchangia mwenyewe kwenye kila dai, na uangalie kama wizi wa ndani ya gari umetajwa au umetolewa.

Nafasi ya nne: ya mtengenezaji, bila ajali

Hesabu yake umeshaiona. Inafaa kwa ofisi inayonunua laptopu ishirini kwa mpigo na kutaka gharama za miaka mitatu zijulikane tangu mwanzo, maana mhasibu anapenda tarakimu isiyobadilika. Mtu binafsi aiache.

Nafasi ya mwisho: waranti ya duka

Hapa aliyeahidi si Dell wala HP, ni duka. Duka likifunga, likihama ghorofa au likibadilisha mmiliki, ahadi imekwenda nalo. Mara nyingi matengenezo yenyewe yanafanywa na fundi yuleyule ambaye ungempelekea mwenyewe, kwa kipuri alichokichagua yeye. Ukikuta waranti ya miaka miwili kwenye karatasi moja ambayo chini yake kuna mhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi", unajua pa kuiweka.

Tofauti ni laptopu za mtumba. Zile zinazotoka Ulaya na Dubai hupewa waranti ya duka ya mwezi mmoja hadi miezi sita, na hiyo haiuzwi, inakuja na bei. Ichukue, ila itumie: wiki ya kwanza iendeshe kwa saa nyingi, chomeka kila tundu, jaribu kamera na spika, iache ifanye kazi kwa betri hadi izime. Ukiambiwa waranti ya mtumba inauzwa kando, badilisha duka.

Kabla ya kulipa chochote

Dai risiti halali ya kodi: ya mashine ya EFD kwa Tanzania, ya mfumo wa eTIMS kwa Kenya. Bei nzuri ya "bila risiti" ni bei ya bila waranti pia, kwa sababu mtengenezaji atataka uthibitisho wa tarehe ya kununua. Halafu, ukiwa bado dukani, soma namba iliyo chini ya mashine (Dell wanaitumia yenye tarakimu na herufi saba) na uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji. Itakuambia waranti inaisha lini. Laptopu iliyokaa ghalani miezi mingi inaweza kuwa imeshaanza kuhesabiwa kabla hujaiona. Risiti yenye tarehe ndiyo itakayokusaidia kuomba tarehe hiyo ya waranti irekebishwe, au kumwomba muuzaji apunguze bei hapohapo.

Pia jua kwamba bila kununua karatasi yoyote hujaachwa mikono mitupu. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zinamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa matumizi yake, na malalamiko yana pa kwenda: Tume ya Ushindani, FCC, kwa Tanzania, na Mamlaka ya Ushindani kwa Kenya. Msomaji aliye Ulaya ana sababu kubwa zaidi ya kukataa, kwani nchi za Umoja wa Ulaya zinampa mnunuzi angalau miaka miwili ya haki dhidi ya muuzaji kwa kasoro iliyokuwapo tangu alipokabidhiwa mali. Ukiwa Berlin au Brussels na mtu wa kaunta akakuuzia mwaka wa pili, mwulize unatofautianaje na ule ambao sheria imeshakupa.