TAHADHARI: Muuzaji wa vito vya pesti anayekwambia "loweka"

Ndugu zangu mlioko Uingereza mnaopenda vito vya kale, kaeni macho. Kuna muuzaji anazunguka kwenye masoko ya wikiendi ya London, na mtandaoni anabadilisha jina la duka kila akistukiwa. Anauza broshi (pini za mapambo za kubandika kwenye nguo) na hereni za pesti, vile vioo vyenye madini ya risasi vilivyochongwa kama almasi, na kwake kila kitu ni "cha mwaka 1780, kimetoka kwa familia ya kitajiri".

Ujanja wake uko kwenye kikaratasi anachotia ndani ya boksi: loweka kila wiki kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Unaona huyu mtu anajali. Kumbe ndiyo mtego wenyewe. Pesti ya karne ya 18 kwa kawaida imekaa kwenye kikombe cha fedha, yaani kishikizo cha jiwe, kilichozibwa nyuma, na chini ya kioo kuna foili, karatasi nyembamba ya metali inayorudisha mwanga. Maji yakishapenya pembeni hukaa humo humo, foili inaharibika, na kito kinabaki kama jicho lenye mtoto wa jicho. Broshi ya rafiki yangu ilianza na doa la kahawia ukingoni mwa jiwe moja, likatambaa mpaka katikati. Alipodai pauni zake 240 akajibiwa: "Umeilowesha mwenyewe." Na kikaratasi? Eti hakijui. Kwa hiyo siku mzigo ukifika, pigeni picha kila kilichomo.

Hereni alizouziwa pamoja na broshi hiyo ndizo kichekesho. Zinang'aa rangi za upinde wa mvua. Utando unaotoa rangi hizo kwenye kioo, kampuni ya Swarovski waliutoa mwaka 1956, sasa hiyo 1780 imetoka wapi? Tena mawe yote yanalingana kama punje za kiwandani, na yamegandishwa kwa gundi. Ya kale yalikatwa kwa mkono kufuata umbo la kikombe, hayalingani sawasawa. Mengi yana kidoti cheusi kwenye ncha ya chini, kinaonekana ukitazama kwa lenzi ya sonara, ila msikiamini peke yake, hata leo mtu anaweza kukichora.

Usafi wa pesti ya kale ni kitambaa laini kikavu, basi. Mashine za kutetemesha vito majini, hapana. Marashi na dawa ya nywele pulizia kwanza, broshi ivaliwe mwisho. Na usiiweke kijaluba kimoja na pete ya almasi, kioo hiki kinakwaruzika upesi.

Ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara wa Uingereza una siku 14 za kughairi tangu upokee mzigo, na sheria ya walaji ya 2015 inakupa siku 30 kukataa kitu kisicholingana na maelezo. Mpelekee mtaalamu ndani ya siku hizo, kikiwa kikavu. Uliyelipa kwa kadi, ongea na benki yako mapema. Na mwenye picha za maduka yake mapya anitumie, nizilinganishe na nilizonazo.