Siku 8 kwenye Nyayo za Paulo nchini Ugiriki: Tathmini ya Safari ya Kundi

Mwezi Mei tulisafiri waumini 24 wa sharika tatu za Kilutheri kwenda Ugiriki, tukiwa chini ya kampuni moja ya utalii wa kidini ambayo sitaitaja, kwa kuwa huenda baadhi ya niliyoyalalamikia wameshayarekebisha. Ratiba ilituahidi kuona jinsi Injili ilivyoingia Ulaya: tungeshuka Thesalonike, twende Kavala na Filipi, turudi kupitia Beroya, kisha tuelekee kusini hadi Athene na Korintho. Mimi nilikwenda na swali ambalo wanafunzi wa kipaimara wamekuwa wakiniuliza miaka yote, nami nikilijibu nusunusu: kanisa lisilokuwa na jengo, mfuko wala mtu wake serikalini liliwezaje kuhama mji hadi mji kwa muda mfupi namna ile? Nitaipima safari hii kwa swali hilo wala si kwa vitanda vya hoteli, ingawa vitanda vilikuwa vizuri.

Kavala ndiyo Neapoli ya Matendo ya Mitume sura ya 16, bandari aliyoshukia Paulo pamoja na wenzake wakitokea Troa kupitia Samothrake, karibu na mwaka 49 au 50. Mwongoza watalii wetu, mama wa Kigiriki aliyesomea akiolojia, alikataa kutuacha ndani ya basi. Alitushusha kwenye kilima juu ya mji, penye kipande kilichosalia cha Via Egnatia, barabara ambayo Warumi waliijenga katika karne ya 2 KK ili majeshi yao yavuke kutoka pwani ya Adriatiki kuelekea mashariki. Tulitembea juu ya mawe yale kwa dakika kama 20, na wenye viatu vya ibada walijuta. Kutoka hapo hadi Filipi ni kama kilomita 15, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya askari na tarishi wa mfalme ilimbeba Paulo bila kumdai chochote, na hilo nililielewa vizuri zaidi kwa nyayo zangu kuliko nilivyowahi kulielewa darasani.

Filipi ilikuwa koloni la Kirumi, wakazi wake wengi wakiwa wa ukoo wa askari waliopewa mashamba baada ya vita vya mwaka 42 KK. Inaelekea haikuwa na sinagogi, ndiyo maana siku ya sabato Paulo alitoka nje ya lango, akaenda mtoni walikokusanyika wanawake kusali. Kijito hicho bado kinapita, chembamba, maji yake ya baridi na safi, na kingo zake zimejengewa ngazi za mawe kwa ajili ya wanaotaka kubatizwa. Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau kutoka Thiatira, aliamini hapo, akabatizwa pamoja na watu wa nyumbani mwake, kisha akawashurutisha wageni wale walale kwake. Mama mmoja wa kundi letu alikuwa ameketi kwenye ngazi, miguu majini, akisikiliza tafsiri, mara akasema kwa sauti iliyotufikia wote: "Kumbe walianza kama jumuiya yetu ya Alhamisi." Mwongozaji alipoelezwa maneno hayo aliyaandika kwenye kijitabu chake. Kwa maoni yangu, saa moja ile ya mtoni ililipa nusu ya nauli.

Magofu yenyewe yanahitaji tahadhari, na hapa namsifu mwongozaji kwa ukweli wake. Alitwambia waziwazi kwamba uwanja wa soko tunaouona sehemu kubwa ni wa karne ya 2, kwa hiyo Paulo hakuukanyaga, na kwamba basilika kubwa zilizobomoka, yaani makanisa ya kale, ni za karne ya 5 na ya 6. La zamani zaidi ni sakafu ya mozaiki iliyopatikana chini ya kanisa la pembe nane, yenye maandishi yanayomtaja Askofu Porfirio na basilika ya Paulo, nayo ni ya karne ya 4. Ukihesabu kutoka ukumbini kwa Lidia hadi sakafu ile, unapata karibu miaka 300 ambayo kanisa la Filipi halikuacha ukuta hata mmoja wa kuonyeshwa watalii. Nilisimama pale muda mrefu kuliko wenzangu, kwa maana jibu la swali langu lilikuwa katika pengo hilo. Kipeperushi cha kampuni, kwa upande wake, kinaitangaza "gereza la Paulo" bila kusita, ilhali chumba kile kidogo cha mawe kilikuwa tangi la maji la Kirumi kabla ya kugeuzwa mahali pa ibada. Tulisali humo hata hivyo, lakini wangetwambia mapema.

Thesalonike na Beroya nitayapita haraka, kama basi lilivyoyapita. Mji wa kwanza umejengwa juu ya ule wa kale, na kilichobaki kwa mgeni ni kusimuliwa habari za Yasoni aliyetozwa dhamana kwa kosa la kupokea wageni. Mwongozaji aliongeza jambo moja muhimu: barua ya kwanza kwa Wathesalonike, ambayo wataalamu wengi huiweka miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya Agano Jipya, iliandikwa kwa sababu Paulo alilazimika kuondoka mapema mno.

Kasoro kubwa ilitupata katikati ya safari. Siku nzima ilitumika Meteora, kwenye nyumba za watawa zilizojengwa juu ya majabali tangu karne ya 14. Ni mahali pa kupendeza mno, ila hapana uhusiano wowote na kanisa la mitume. Zaidi ya hapo tuliingizwa katika duka la picha takatifu kwa muda wa karibu saa mbili, mlango mmoja wa kuingia na mwingine wa kutokea kupitia kwa mwenye kupokea fedha. Saa hizo zilikatwa kwenye ratiba ya Korintho, na Kenkrea, bandari ya mashariki ya Korintho, iliyokuwa imeandikwa wazi kwenye mkataba, ikafutwa. Vilevile tuliahidiwa mkalimani wa Kiswahili, hakuwapo. Mchungaji wetu alibeba kazi hiyo, na maelezo ya dakika 15 yalitufikia kwa dakika nne.

Athene tulipanda Areopago, kilima cha mwamba ambako Paulo alihutubia Waathene, asubuhi. Jiwe lake limelainishwa na nyayo za watu hadi linateleza kama sabuni, hivyo wazee watumie ngazi za chuma zilizoko pembeni.

Korintho, hata ilipopunguzwa, ilikuwa kilele. Mji huu ulijengwa upya kwa amri ya Yulio Kaisari mwaka 44 KK, ukiwa na bandari mbili, moja ikitazama magharibi na nyingine mashariki, na kila baharia alikuja na habari zake. Paulo alikaa hapa mwaka mmoja na miezi sita, akishona mahema pamoja na Akila na Prisila, waliofukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio. Tulioneshwa vibanda vya mawe vilivyopangana kando ya soko, vidogo kama fremu za mtaani kwetu, na mtu akielewa kwamba fundi huketi na kuzungumza na mteja kutwa nzima, haulizi tena mahubiri yalifanyika wapi. Tuliona pia jukwaa la hukumu Paulo aliposimamishwa mbele ya Galio, liwali wa Kirumi, ambaye maandishi ya mawe yaliyopatikana Delphi yanamweka hapo karibu na mwaka 51 au 52. Ni mojawapo ya nguzo thabiti za kuhesabia miaka ya Paulo. Kuhusu jiwe lenye jina la Erasto, mwongozaji alitwambia wataalamu bado wanabishana kama ndiye yule mtunza hazina wa mji anayetajwa katika Warumi 16, akatuachia uamuzi.

Kwa ujumla natoa nyota tatu kati ya tano, zote za mwongozaji na za kijito cha Filipi. Anayetaka kwenda aombe ratiba isiyo na Meteora, adai jina la mkalimani kabla ya kulipa, na avae viatu vya kamba.

Siku ya mwisho ilikuwa ya mapumziko Athene. Watatu tulichanga fedha, tukakodi teksi hadi Kenkrea, zaidi ya saa moja kwenda. Hapakuwa na mtu wala tiketi, ila ufuo wa kokoto na kuta za bandari zilizozama, misingi ya basilika ya kale ikionekana chini ya maji yanayofika gotini. Mwenzetu mmoja alisoma mistari miwili ya Warumi inayomtaja Fibi, mhudumu wa kanisa la mahali pale, ambaye wengi wanaamini ndiye aliyeibeba barua hiyo hadi Rumi. Dereva wa teksi alitungoja kivulini, akatuuliza kama hilo ndilo tulilolifuata kutoka Afrika.