Tairi za A/T kwa Pikapu Yenye Kempa: Anza Kusoma Ubavuni

Tangu kiangazi kianze, malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasomaji wenye pikapu yamefanana mno. Mtu amefunga kempa, yaani kibanda cha kulala safarini, kwenye bodi ya Hilux, akanunua tairi mpya za A/T (all-terrain, za lami na njia mbovu) zenye kashata nene pale Kariakoo, akaanza safari ya Ruaha kupitia Morogoro, na kabla hajafika mlima Kitonga tairi ya nyuma ikachanika ubavu, huku kashata zikiwa bado na vinyweleo vya kiwandani. Kisha huniuliza ni chapa gani iliyo imara zaidi. Chapa nitazitaja, na ninayoipenda sitaificha, lakini swali hilo ni la pili. Kuhusu kina cha kashata, mlio barabarani na sura ya herufi nyeupe sitasema kitu, kwa kuwa wauzaji wanayasema hayo ya kutosha.

Kinachosahaulika ni maandishi ya ubavuni pamoja na upepo unaoendana nayo. Ukisoma 265/65R17 112S, 112 ni msimbo wa uzito unaomaanisha kwamba tairi moja inaruhusiwa kubeba kilo 1,120. Ingekuwa 116 ingebeba kilo 1,250, na 120 ni kilo 1,400. Saizi ikitanguliwa na herufi LT, tairi imejengwa kwa ajili ya mizigo, na utakuta pia herufi ya daraja: C ni sawa na plai (tabaka za nyuzi) sita, D plai nane, na E plai kumi. Herufi hiyo isichanganywe na C inayokaa mara baada ya kipenyo cha rimu, kama katika 205R16C, ambayo huonyesha tu kwamba tairi ni ya gari la biashara. Nimesikia muuzaji akimhakikishia mteja kwamba hizo C mbili ni kitu kimoja, na akasema bila hata kupepesa macho.

Sasa tuje kwenye kasoro yenyewe. Uwezo ulioandikwa ubavuni hupatikana pale tu upepo unapofika kiwango chake. Tairi ya LT265/70R17 ya daraja E hufikia uwezo wake wote kwa psi 80 (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji). Ukiijaza psi 35, kama mafundi wengi wanavyojaza kila pikapu inayoingia, haifiki hata kilo 900, ilhali tairi ya kawaida ya saizi hiyohiyo, iliyo nyepesi na ya bei ndogo, kwa upepo huohuo hubeba zaidi ya kilo 1,100. Kwa hiyo mtu aliyelipa zaidi ili apate tairi ngumu, kisha akafuata kibandiko cha mlango wa dereva kilichoandikwa kwa ajili ya tairi zilizotoka na gari, amenunua uwezo mdogo kuliko aliokuwa nao. Ubavu usio na upepo wa kutosha hujikunja kila gurudumu linapozunguka, mkunjo huo huzaa joto, na joto hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi zilizomo ndani, hata mwenye gari akija kusikia mlio, kazi ya uharibifu ilikwisha zamani.

Ndiyo maana namshauri kila mwenye kempa apime gari kwenye mizani kabla ya kununua chochote, likiwa na maji, mafuta, abiria na majiko, na ekseli ya nyuma ipimwe peke yake. Lita 80 za maji ni kilo 80, na hema la juu halijahesabiwa. Ekseli hiyo ikisoma kilo 1,700, kila tairi ya nyuma ina kilo 850, na LT niliyoitaja inataka angalau psi 45 ili ibaki na akiba. Upepo upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi. Ukisimama Chalinze saa saba mchana na geji ikawa imepanda kwa psi nne au tano, usimruhusu fundi apunguze, maana ongezeko hilo ni la kawaida na limeshahesabiwa. Kwenye mchanga wa njia ya Mloka au Saadani utapunguza mwenyewe na kwenda polepole, mradi una pampu ya kurudishia ukifika kwenye lami.

Katika kupanga chapa, nafasi ya kwanza naipa BFGoodrich All-Terrain KO2 na mrithi wake KO3, na sijifanyi kutopendelea. Kampuni hiyo ilitoa tairi yake ya kwanza ya jina hilo mwaka 1976, na tangu 1990 imo mikononi mwa Michelin. Ubavu wake ni mnene mahali panapokutana na mawe, na saizi nyingi za pikapu hupatikana katika daraja E. Ni nzito, hula mafuta, na kwenye lami iliyolowa haishiki kama ningependa. Pamoja na hayo, kwa pikapu yenye kempa sijaona sababu ya kuishusha. Ya pili ni General Grabber AT3, iliyo ya kundi la Continental. Ya tatu ni Yokohama Geolandar A/T G015, ambayo ni tulivu barabarani, ila jina hilohilo hubandikwa kwenye tairi za LT na za kawaida, hivyo mnunuzi anayetaja jina bila kusoma ubavu anaweza kuondoka na asichokitaka. Bridgestone Dueler A/T inaifaa Hilux isiyo na kempa. Zile za bei ya chini zinazojaa madukani zinaweza kutumika mjini. Kwa safari ya Ruaha sizipangi.

Limebaki suala la wauzaji. Tarehe ya kutengenezwa ni tarakimu nne, kwa mfano 1522, yaani wiki ya 15 ya mwaka 2022, na kwa kawaida huwa upande mmoja tu wa tairi. Kuna mafundi ambao, tairi ikiwa imelala stoo miaka sita, huifunga upande huo ukitazama ndani, na mteja asiyeinama na tochi ya simu hatajua. Bei nayo hupanda mara muuzaji anapoliona hema juu ya gari, kwa hiyo liache mbali uende kwa miguu. Kinachoniudhi kuliko vyote ni ile bei ya pili, ya chini kidogo, kwa masharti kwamba usidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Tairi ikivimba ubavu baada ya wiki mbili, muuzaji huyohuyo aliyekuita dada kwa upole atakuuliza una ushahidi gani kwamba uliinunua kwake.