Raga na jazi: njia ya Mayer au ya McLaughlin?
Raga ni mpangilio wa noti unaojenga melodi ya Kihindi. London, katikati ya miaka ya 1960, mtunzi John Mayer, mzaliwa wa India, na mpiga saksafoni wa jazi Joe Harriott waliunganisha vikundi viwili vya watu watano, wa jazi na wa Kihindi, Mayer akiutunga muziki kwenye karatasi. Wasomaji noti huiva haraka, ila kulipa watu kumi ni mzigo.

Shakti, bendi ya mpiga gitaa John McLaughlin, miaka ya 1970, ilitegemea wachache: gitaa, fidla, tabla (ngoma mbili ndogo za Kihindi), na ghatam, chungu cha udongo. Hapa gharama ni muda. Tala, mzunguko wa mapigo katika muziki wa Kihindi, lazima ikukae mwilini, uhesabu mapigo saba bila kufikiri. Ndipo gitaa na fidla zinapojibizana hadi moyo unadunda.

Una onyesho mwezi ujao? Andika noti. Una mwalimu na miaka ya subira? Jifunze raga.