QGIS kwa kupima mashamba Kigoma: nyota nne, ya tano imekwama kwenye poligoni

Kwa sisi tunaochora ramani za mashamba ya vijiji kwa ajili ya hati za kimila, QGIS, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, ni mkombozi kwelikweli, haina leseni ya kulipia, inapiga kazi bila intaneti na laptopu ya kawaida inaibeba. Hapo sina maneno. Ninachotaka kuongelea ni uhalali wa jiometri, yaani umbo lililochorwa liwe linafuata kanuni, maana ndo unaokula muda wetu.

Unakuta shamba limepimwa vizuri, majirani wote walikuwepo, kwenye skrini limekaa safi kabisa, afu ukitaka kutoa eneo la barabara programu inagoma, inasema jiometri batili. Mara nyingi pointi mbili zimepishana mpangilio, mstari ukajikata na poligoni, yaani lile umbo la shamba lililofungwa, ikajikunja kama namba nane. Kiwango cha OGC, shirika la viwango vya data za ramani, kinachoitwa Simple Features, ambacho ni ISO 19125 pia, hakikubali hiyo kitu, na GEOS, ile maktaba inayopiga hesabu ndani ya QGIS na PostGIS (hifadhidata ya ramani), inakifuata. Sawa. Ila kiwango kinaeleza poligoni halali ikoje, hakisemi iliyo batili itengenezwe vipi, kwa hiyo waandishi wa programu wanaamua wenyewe. QGIS yenyewe ukikagua uhalali inakupa njia mbili, ya kwake na ya GEOS, na majibu yanaweza yasifanane! Hata zana yake ya kurekebisha maumbo, Fix geometries, kwenye matoleo ya karibuni ina njia mbili, na kuna poligoni zinatoka na eneo tofauti kutegemea umechagua ipi, sasa kwenye hati ya mtu eneo si ndo kila kitu jamani.

Siwalaumu wanaoiandika. GEOS ilizaliwa kwa kuhamisha JTS, maktaba ya aina hiyohiyo iliyoandikwa kwa lugha ya Java, kwenda lugha ya C++, na mpaka leo marekebisho mengi yanaanzia JTS ndo yavushwe, kazi ngumu hiyo.

Halafu sisi Kigoma tuna letu. Kanda za UTM, mfumo unaogawa dunia vipande vya kupimia ramani, zinagawanyika nyuzi 30 mashariki, kwa hiyo Kigoma mjini na Ujiji ziko kanda ya 35 kusini, Kasulu na Uvinza 36. Wenzetu wa Tabora wote wako 36, hawalijui hili. QGIS inazilinganisha yenyewe kwenye skrini unaona zimekaa pamoja kumbe namba za ndani ni za kanda mbili. PostGIS ndo mkali, ukilinganisha maumbo yenye SRID (namba ya mfumo wa vipimo) tofauti inakataa hapohapo, na mimi naipendea hivyo, bora ikugomee mapema.

Ushauri wangu achaneni na shepufaili, ule muundo wa zamani wa faili za ramani, tumieni GeoPackage ambao ni mpya zaidi, na mkague uhalali kabla hamjaondoka kijijini, kwa sababu QGIS inatoa leya ya pointi za makosa inayokuonyesha kona ipi ina shida, unaenda nayo mpaka pale na jirani bado yupo.